MANENO TULIYOYAOKOTA MTONI: KUTOKA KISII HADI SONDU

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniomba niandike somo la msamiati. Ningeweza kufungua kamusi nikanakili, lakini maneno yangu niliyapata garini, likizo ya Novemba, nilipoandamana na mjomba wangu anayeuza ndizi. Tulitoka Kisii mjini alfajiri. Mjomba haendeshi kwa pupa. Husimama kila soko, akaongeza mikungu miwili mitatu, akanywa chai, akaongea na watu. Basi safari ambayo matatu huimaliza asubuhi ilituchukua kutwa nzima: Keroka, Nyamira, Ikonge, Chabera, hadi Sondu.

Neno la kwanza ni VULI. Vitabu vingine hulitumia kwa majira ya nchi za baridi, majani yanapopukutika. Mimi niliwahi kuandika insha yenye majani mekundu yakianguka njiani kwenda Keroka! Nilipewa alama 6 kwa 20, na mwalimu akaandika kando, "Majani gani haya?" Kwetu Afrika Mashariki vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Tena huku Gusii mvua haina adabu ya kungoja majira. Siku hiyo ilitunyeshea mara mbili kabla ya Nyamira, na majani ya chai na migomba yalikuwa kijani kibichi.

Neno la pili ni MTO, ngeli ya U-I: mto umefurika, mito imefurika. Maji yanapobubujika ardhini ni chemchemi. Yakishuka kidogo ni kijito. Mto mdogo unaoingia katika mkubwa ni tawimto. Nguvu ya maji yaendayo ni mkondo, na kandokando yake ni ukingo, wingi kingo (si "maukingo", Kidato cha Kwanza mnisikie). Kisii mjini tunao Nyakomisaro, mto mdogo tunaouvuka kila siku bila kuutazama. Mkubwa wetu ni Gucha. Unakusanya maji ya milima ya Kisii na Nyamira, unateremka magharibi, unakutana na mto Migori na kuingia Ziwa Victoria.

Lakini ukifika huko chini ukauliza Gucha, utaambiwa huo ni Kuja. Maji ni yale yale, ila yameingia katika lugha ya Wajaluo. Mjomba alisema watu wa chini wanayaita maji: "Kuja! Kuja!" Nilicheka, ingawa mwalimu ametukataza kusema "kuja hapa" badala ya "njoo hapa".

Mto Sondu nao ni hivyo hivyo. Unatoka msitu wa Mau, na upande wa chini huitwa Miriu. Ndiyo maana mtambo wa umeme wa huko, wa megawati 60, una majina mawili: Sondu-Miriu.

Sondu ni mji wa mpakani, ambapo kaunti za Kisumu, Kericho na Homa Bay zinakaribiana. Sokoni kuna Mjaluo, Mkipsigis na Mkisii, na bei zote hupatana kwa Kiswahili. Mama mmoja alishika mkungu wetu akauliza, "Hii ndizi pesa ngapi?" Nami, kwa kiherehere cha mwanachama, nikamwambia, "Si hii ndizi, mama, ni mkungu huu."

Akauachilia. "Basi mwalimu, kaa na mkungu huu."

Akaenda zake. Mjomba alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akapaza sauti: "Mama, kuja! Hii ndizi tutasikizana!" Mama akarudi. Walisikizana kwa shilingi 400, na mimi nikabeba mkungu mpaka darajani bila kusahihisha mtu.

Njiani nilimwuliza anatoka wapi. "Ng'ambo," akasema. Mimi nikafikiri Ulaya! Shuleni tukisema mtu yuko NG'AMBO, basi alipanda ndege. Kumbe alikuwa akinionyesha kwa mdomo upande wa pili wa daraja. Hiyo ndiyo maana yake ya asili: upande wa pili wa mto au bahari.

Mwaka 2023 mapigano ya mpakani yalizuka hapo Sondu, watu wakauawa. Nilimwuliza kama alikuja sokoni siku zile. Alitikisa kichwa.

"Siku zile ng'ambo ilikuwa mbali, kijana wangu."

Daraja lenyewe nililivuka na mkungu begani bila kupumzika.

ZOEZI
1. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno "ng'ambo".
2. Andika kwa wingi: Mkungu huu umeanguka katika ukingo wa mto.
3. Mto ulio karibu na kwenu huitwaje upande wa chini? Mwulize mtu wa huko.