ASILI YA NGOMA ZA KASI: MASAHIHISHO
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri, nakuomba nafasi katika gazeti letu, kwani nina deni.

Muhula uliopita, usiku wa Chemsha Bongo, ukumbi mzima uliwacheka wenzetu wa bweni la jirani kwa sababu ya jibu moja. Naandika makala hii kwa kuwa jibu lile lilikuwa sahihi, na jibu langu, lililotupatia ngao, halikuwa.

Kwa wale wasiokuwako, maswali yaliandikwa na wanafunzi wenyewe, yakatiwa katika kofia. Swali la mwisho lilisema: "Nani aliyebuni mtindo wa kupiga ngoma kwa kasi uitwao blasti biti?" Mwenzetu wa bweni la jirani alisimama, akafikiri, akasema, "Hakuna mtu mmoja aliyeubuni." Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Swali likaletwa kwangu. Nami, kwa kuwa ni mpiga ngoma katika bendi ya shule na hujidai kuwa mjuzi, nikajibu pasipo kusita: "Mick Harris wa kundi la Napalm Death, Uingereza." Karatasi nayo ilikuwa na jina hilo hilo. Tukapewa pointi 2, tukashinda kwa pointi 1.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa mjomba wangu mwenye kompyuta, nikataka kusoma zaidi habari za Bwana Harris ili nirudi nijisifu. Ndipo mambo yaliponiharibikia.

Kwanza niwaeleze kitu chenyewe, maana wengi walipiga makofi usiku ule wala hawakujua wanapigia nini. Seti ya ngoma hupigwa na mtu mmoja aliyeketi. Mguu wake wa kulia hukanyaga kanyagio lenye nyundo, nayo hupiga ngoma kubwa iliyolazwa ubavu. Mkono wa kushoto hupiga ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, ndugu ya ile tuivaayo kiunoni siku ya gwaride. Mkono wa kulia hupiga toazi. Katika blasti biti, mkono wa kulia na mguu wa kulia hupiga pamoja, na mkono wa kushoto huwajibu katikati. Tena pamoja, tena jibu, bila kupumua, mpaka wimbo ugeuke au uishe.

Sasa mwendo wake. Bendi yetu hutembea kwa mapigo 120 kwa dakika, yaani hatua 2 kila sekunde, na hata hivyo mstari wa nyuma huchelewa. Blasti biti kwa kawaida huzidi mapigo 180 kwa dakika, na kila pigo hugawanywa mara nne. Chukueni mwendo wa 200. Mikono miwili kwa zamu hugusa ngoma na toazi mara 800 kwa dakika; kila mkono mara 400, karibu mara 7 katika sekunde moja. Kwa mwendo huo sikio huacha kuhesabu. Halisikii tena pigo na pigo, bali kitu kimoja kirefu, kama mvua kubwa juu ya bati. Mwenye gitaa aweza hata kuvuta sauti ndefu za polepole juu ya mvua hiyo, na wimbo ukawa wa kasi na wa taratibu kwa wakati mmoja. Mimi jambo hili lilinipendeza sana. Mjomba aliuliza kama kompyuta imeharibika.

Basi kasi hii ilitoka wapi? Haikushuka siku moja. Katika mji wa New York, mwaka 1974, lilianzishwa kundi la Ramones, na santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1976: nyimbo fupi, za haraka, zisizo na madoido. Huo ndio muziki ulioitwa panki. Kutoka hapo kila kundi lililofuata lilitaka kuwa la haraka kuliko lililotangulia, kama watoto wanaotoka shule kwenda mtoni, na muziki uliokazwa hivyo ukaitwa hadikoo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu niliyoyasoma yalinishangaza. Miongoni mwa makundi ya kwanza kukimbia kweli kweli lilikuwa kundi la vijana wanne weusi wa Washington, Marekani, liitwalo Bad Brains. Hawa hawakuanza na panki. Walianza na jazi iliyochanganywa na roki, muziki mgumu unaotaka vidole na masikio yaliyofunzwa, wakajiita Mind Power. Walipogeukia panki mwishoni mwa miaka ya 1970 walikwenda nao ujuzi wao wote, na mpiga ngoma wao, Bwana Earl Hudson, aliweza kukimbia pasipo kujikwaa. Santuri yao ya kwanza ya mwaka 1980 ina wimbo wa dakika moja na nusu hivi, nao hauna pigo hata moja lililopotea. Watu husema kwamba muziki wa kasi ni wa wasiojua kupiga. Mwenye kusema hivyo na asikilize kundi hili kwanza.

Ng'ambo ya pili, katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, kundi la Discharge lilikuwa likiimba dhidi ya vita vya nyuklia kwa mwendo mkali wa ngoma ambao makundi mengi yaliuiga mpaka leo. Santuri yao mashuhuri ni ya mwaka 1982. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wasio na kazi, na vijana wengi hawakuwa na mahali pa kupeleka hasira zao.

Lakini blasti biti yenyewe? Hapa ndipo jina langu moja lilipovunjika vipande. Mwandishi wa Sweden, Bwana Daniel Ekeroth, adai kwamba wa kwanza walikuwa kundi la kwao liitwalo Asocial, katika kanda waliyoirekodi mwaka 1982. Wengine hulitaja kundi la D.R.I. la Houston, Texas, ambamo ndugu wawili, Kurt na Eric Brecht, mmoja aliimba na mwingine alipiga ngoma. Santuri yao ya mwaka 1983 ni ndogo ya inchi 7, nao walishindilia nyimbo 22 ndani yake. Wengine hulitaja kundi la Siege la Weymouth, Massachusetts, lililorekodi kanda yake mwaka 1984, na mpiga ngoma wao Bwana Robert Williams. Wako wanaotaja kundi la Repulsion la Flint, Michigan, lililorekodi mwaka 1986. Huko Belo Horizonte, Brazil, kundi la Sarcófago lilitoa santuri mwaka 1987 yenye ngoma za namna hiyo hiyo. Na Bwana Harris wangu? Yeye alijiunga na Napalm Death baada ya hao wa Sweden, Texas na Massachusetts kwisha kurekodi.

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje.

Jambo lililonisumbua ni hili: yawezekanaje watu wa nchi mbalimbali wafikie kitu kimoja karibu wakati mmoja? Jibu la kwanza nililipata juu ya dawati, siku ya pili ya muhula huu, wakati wa masomo ya jioni, na kiranja akanipa zamu ya kufyeka kwa ajili yake. Jaribuni wenyewe, ila si wakati wa masomo ya jioni.

Mtindo wa haraka wa zamani wa panki huenda hivi: mguu, mkono wa kushoto, mguu, mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hupiga toazi kwa kila kimoja, pamoja na mguu na tena pamoja na mkono wa kushoto. Kwa hiyo mkono wa kulia hufanya kazi maradufu ya mwenziwe. Ongezeni mwendo kidogo kidogo. Mguu waweza, mkono wa kushoto waweza, bali wa kulia unakaza kama ubao na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa mpunguzieni mkono wa kulia nusu ya kazi: upige pamoja na mguu tu, wala usipige pamoja na mkono wa kushoto. Mara mikono miwili inakuwa na kazi sawa, kulia na kushoto, kulia na kushoto, na mwendo uliokuwa umekwama unafunguka tena. Hiyo ndiyo blasti biti. Mtu yeyote anayesukuma mwendo wa panki mpaka mkono wake ushindwe atafika kwenye mlango huo huo, awe Sweden au Texas. Hapana haja ya kusema kwamba mmoja alimwibia mwingine.

Jibu la pili ni posta. Miaka ya 1980 wapenzi wa muziki huu, wa panki na wa hevi metali pia, walibadilishana kanda za kaseti kwa barua, nchi kwa nchi. Mtu alinakili kanda, akaitia katika bahasha, akaipeleka kwa rafiki asiyemjua kwa sura. Naye akanakili nakala, akaipeleka kwingine, mpaka sauti ikawa kama vitunguu katika mafuta ya moto. Kwa njia hiyo kanda za Siege na za Repulsion zilivuka bahari, zikafika Birmingham mikononi mwa Bwana Harris. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba Siege walimvutia. Alitaka kuwapita kwa kasi.

Nisije nikaonekana namdharau. Napalm Death lilianzishwa mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, karibu na Birmingham, na waliolianzisha walikuwa vijana wa shule kama sisi. Santuri yao ya kwanza kubwa, iitwayo Scum, ilitoka mwaka 1987 ikiwa na nyimbo 28, na wimbo wake mmoja, "You Suffer", ni wa sekunde moja na kitu, hata umetiwa katika kitabu cha Guinness kuwa wimbo mfupi kuliko zote zilizorekodiwa. Upande mmoja ulirekodiwa mwaka 1986 na wa pili mwaka 1987, na katikati wenzake wote waliondoka. Bwana Harris peke yake ndiye aliyepiga pande zote mbili. Mwaka huo huo wa 1987 mtangazaji wa BBC, Bwana John Peel, aliwaita kundi lile wapige katika kipindi chake, na watu wasiokuwa na rafiki wa kubadilishana kanda wakasikia kwa mara ya kwanza. Na jina "blasti biti" husemwa kuwa ni lake. Yeye aliyeipa jina ndiye aliyekumbukwa, nami nikadhani mwenye kumpa mtoto jina ndiye aliyemzaa.

Maneno ya nyimbo zao ni vigumu kuyasikia, nilihitaji kuyasoma. Wengi hufikiri ni matusi matupu. Sivyo: wimbo wao mmoja katika santuri ile hulaumu makampuni makubwa ya kimataifa. Ila nakiri kwamba kama singeyasoma nisingejua kama wanalaumu au wanaagiza chai.

Watu wa metali waliichukua blasti biti wakaifanya kuwa fundi zaidi. Bwana Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador aliyekulia Los Angeles, alipiga katika santuri mbili za mwaka 1989, World Downfall ya kundi la Terrorizer na Altars of Madness ya Morbid Angel, na tangu hapo kukimbia tu hakukutosha. Ilibidi kukimbia na kila pigo lisikike safi, tena kwa miguu miwili. Hata huku kwetu imefika. Nairobi lilitokea kundi la watu wawili liitwalo Duma, na santuri yao ya mwaka 2020, iliyotolewa Kampala, ina ngoma za kasi ile ile, ila zimetengenezwa kwa mashine. Wenzangu wa Dar es Salaam wameniuliza kuhusu singeli, ambayo nayo huzidi mapigo 200 kwa dakika. Singeli ina asili yake mwenyewe katika mitaa ya Dar es Salaam wala haikutoka kwa panki. Lakini kwa kasi, wana haki ya kujivuna.

Basi nirudi kwenye ngao. Jumapili ya kwanza ya muhula huu nilimwendea yule mwenzetu wa bweni la jirani nikamweleza yote. Alinisikiliza, akasema kwamba usiku ule hakujua hata kundi moja kati ya hayo; alisema vile kwa kuwa babu yake ni mpiga ngoma, naye huchukizwa na mtu adaiye kwamba ngoma fulani ilianzwa na fulani. Nilimwuliza mbona hakujitetea. Akasema, "Ungenisikia katika kelele zile?"

Nilimwambia kiranja wa bweni letu kwamba pointi 2 zirudishwe, na kwa hesabu hiyo ngao ni yao. Akasema karatasi ilikuwa na jina la Harris, na mwamuzi alihukumu kwa karatasi, na mimi nijishughulishe na mtihani. Wenzangu chumbani hawanisemeshi vizuri. Aliyeandika swali lile hajajitokeza, nami simlaumu, maana nami ningeliandika hivyo hivyo.

Ngao ingali juu ya kabati letu. Nimeandika barua kwa mwalimu wa zamu, na nakala ya makala hii nimempa yule mwenzetu kabla haijapigwa chapa.