SALA YA MWENYE MAUMIVU YA VIUNGO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

SUALA. Mwalimu mmoja wa chuoni aniuliza: kila alfajiri huamka vidole na magoti yamekakamaa, hawezi kufunga kifungo cha kanzu mpaka jua lipande, na jioni watu humwona akitembea kama mzima. Ametolewa damu mara nyingi. Tabibu mmoja amwambia ni baridi yabisi, wa pili amwambia huenda ni ugonjwa mwingine, wa tatu amwambia tungoje. Asema: "Je, yanijuzu kusali kwa kukaa, na hali ugonjwa wangu haujapata jina? Nami naona haya, watu wasije wakaninenea kuwa ni mvivu."

JAWABU. Jua, ewe ndugu yangu, kwamba kukosa jina si kuwa ni uwongo. Mwenyezi Mungu ameweka mwilini mfano wa jeshi la kupigana na maradhi. Na katika maradhi ya namna hii jeshi hilo hugeuka likapiga viungo vya mwenyewe. Alama itafutwayo katika damu huenda ikaonekana kwa mtu mzima, na huenda ikakosekana kwa mgonjwa. Kwa hiyo tabibu hutazama pia uvimbe, na muda wa kukakamaa asubuhi, na miezi ipitavyo. Asemaye "bado sijui" amesema kweli. Usimwache ukamkimbilia mpiga ramli kwa kuwa yeye ana jina la kila kitu.

Na sharia haikutundika ruhusa juu ya jina la ugonjwa. Imeitundika juu ya mashaka, yaani taabu. Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, na Mtume (s.a.w.) akampangia daraja tatu: kusimama, kisha kukaa, kisha kulala ubavu, kwa kadiri ya uwezo wake. Ameipokea Bukhari. Na wanavyuoni wetu wa Kishafi hawakushurutisha mtu ashindwe kabisa. Yatosha apate taabu kubwa, au achelee ugonjwa kuzidi.

Basi shika masala haya:

1. Kila sala hutazamwa kwa wakati wake. Ukikaa alfajiri kwa udhuru, na alasiri umepata nafuu, simama. Na nafuu ikija katikati ya sala ya faradhi, inuka.

2. Asiyeweza kusujudu lakini aweza kusimama, kusimama hakumwondoki. Asimame, kisha ainame awezavyo, na kuinama kwake kwa sijida kuwe chini kuliko kwa rukuu. Wengi wakaao vitini hukosa hapa.

3. Akaaye, iftirashi ndiyo bora. Ikimuumiza akae vyovyote, hata juu ya kiti.

4. Maji baridi yakimuumiza, ayatie moto. Asiyeweza kujitawadhisha, mkewe au mwanawe amsaidie. Asipopata ila kwa ujira wa kadiri, naye anao, na aulipe. Tayamamu haiji ila kwa kuchelea madhara ya maji, kwa maarifa yake mwenyewe au kwa neno la tabibu mwaminifu.

5. Ikiwa peke yake aweza kusimama, na nyuma ya imamu hana budi kukaa kidogo kwa urefu wa kisomo, jamaa yamjuzu, na kusali peke yake kwa kusimama ni bora.

Ama haya, mimi niandikaye nayajua. Nalikuwa nikisomesha ruhusa hii chuoni, na msikitini nikisimama kwa kuogopa macho ya safu, na moyo wangu wote uko gotini. Sikuwa nikimtukuza Mola wangu. Nalikuwa nikilinda jina langu. Siku niliyokaa ndiyo siku niliyoisikia Fatiha. Na akaaye kwa udhuru thawabu zake hazipungui.

Na wewe uliye mzima, umwonapo nduguyo amekaa, usimwulize ugonjwa wake waitwaje. Msogezee nafasi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na subira kabla ya shifaa. Amin. Wallahu aalam.