Fedha Zimepotea Nyumbani

Umeuza gunia la mpunga hapa Ubaruku. Fedha umeziweka ndani ya kopo, chini ya kitanda. Jioni unahesabu. Shilingi 10,000 hazipo. Mchana rafiki wa mwanao alikuwa akicheza humo ndani. Unasema moyoni: ni yeye!

Ngoja kwanza. Hesabu tena. Mwulize mwenzako, huenda amewalipa wavunaji. Wakati wa mavuno fedha hutoka mara nyingi kuliko tunavyokumbuka.

Kisha mwulize mwanao, mkiwa wawili tu, kwa upole. Usimwulize, "Rafiki yako ameiba?" Mwulize, "Leo mlicheza wapi? Nani aliingia chumbani?" Mtoto akiogopa fimbo atataja jina lolote. Tena huenda aliyechukua ni yeye mwenyewe. Jambo hilo ni gumu kwa mzazi, lakini usiliruke.

Shaka ikibaki, nenda kwa wazazi wa mtoto yule, bila kundi la watu. Eleza ulichokiona tu: fedha zimepotea, na watoto walikuwa ndani. Usiseme, "Mwanenu ni mwizi." Usimpige mtoto huyo wala usimpigie yowe la mwizi. Yowe huweza kumwua mtu kabla hajaulizwa. Kwa sheria ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Msipoelewana, mwoneni mwenyekiti wa kitongoji.

Je, fedha zikionekana baadaye mfukoni mwa koti lako? Rudi kwa wazazi wale siku hiyo hiyo, uwaambie. Na mtoto yule mwambie pia.