Kwenda Kinole na Watoto Wadogo

Shule zinapofungwa Juni na Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya Uluguru huwapeleka watoto kumwona bibi. Kwa watu wa Kinole safari hii ina uzito wake. Kinole ni makao ya kina Kingalu, machifu wa Waluguru, na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto anayepelekwa kwa bibi mzaa mama anakwenda kuoneshwa ardhi na watu wa ukoo wake mwenyewe. Kwa hiyo safari haiahirishwi kwa sababu tu mtoto bado anabebwa, na mimi sioni sababu ya kuiahirisha. Ninachoomba ni ipangwe kwa kumwangalia yule mdogo kuliko wote, maana mwili wake haujui kilomita.

Maswali yafuatayo huulizwa na wazazi kila msimu wa likizo.

Je, tunaweza kutoka Dar asubuhi na kulala Kinole siku hiyohiyo?

Watu wazima wanaweza. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, lala Morogoro mjini.

Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, lami tupu: Kimara, Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese, umefika. Kutoka Morogoro kwenda Kinole umbali haufiki theluthi ya huo, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Unatokea Bigwa na kushika barabara ya kuelekea Kisaki, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na changarawe, unapita Kiroka, kisha unaiacha na kuanza kupanda mlima. Kona zinafuatana, upande mmoja ukingo, upande wa pili bonde. Dereva aliyeamka usiku ili kukwepa foleni ya Kimara anaifikia sehemu hii akiwa na saa saba au nane mwilini, jua limekwisha kupiga, watoto wamechoka, na mvua za mlimani mara nyingi hunyesha mchana. Familia imetumia uangalifu wake wote kwenye lami, na sehemu inayoudai zaidi ndiyo imebaki.

Ukilala mjini, hata kwa shangazi mwenye chumba kimoja, unapanda kesho yake asubuhi watoto wakiwa wamelala na kula, na ukungu umeanza kuondoka. Bibi amesubiri tangu Pasaka, ataweza kusubiri usiku mmoja zaidi.

Siku ya lami nayo usiikimbize. Simama kila baada ya saa mbili, watoto wote washuke wakimbie kidogo, mbali na barabara. Mtoto mchanga naye atolewe kwenye kiti chake na kunyooshwa, kwa sababu akikaa amejikunja muda mrefu kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Chalinze ni kituo kinachojulikana kwa chakula, lakini ni njia panda yenye malori, mabasi na bodaboda zinazochomoka kila upande. Mtoto anayetembea ashikwe mkono tangu mlango unapofunguliwa.

Katikati ya Mlandizi na Chalinze mtavuka daraja la mto Ruvu. Hapo ndipo mahali pa kumnyamazisha anayelia, kwa hadithi ya kweli: maji haya yametoka kwenye milima tunakokwenda, na ndiyo yanayosafishwa na kusukumwa hadi bombani kwetu Dar. Tangu hapo safari inakuwa ya kuufuata mto kwenye chanzo chake. Mtoto wa miaka sita akishaambiwa hivyo huacha kuuliza "tumefika?" na kuanza kuutafuta mlima dirishani.

Gari letu, basi au treni?

Kama huna gari, au unalo na huliamini, panda treni. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mtoto anaweza kusimama, choo kipo, hakuna kona wala breki za ghafla. Mtoto wa chini ya miaka minne hasafiri kwa nauli, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Panga mapema usafiri wa kuwatoa stesheni, kwa sababu si ya katikati ya mji.

Kwenye basi, mzazi mwenye uwezo amkatie mtoto kiti chake. Najua ni gharama. Lakini mtoto wa miaka minne aliyepakatwa saa nne hachoki peke yake, anamchosha na mama, na mama huyo ndiye kesho atakayembeba mlimani. Chagueni viti vya katikati ya basi, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko nyuma kwenye matairi.

Nikimpakata mtoto na kufunga mkanda, si inatosha?

Haitoshi, na hapa sina lugha ya kulainisha. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo zaidi ya 200. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia mzigo huo. Mkanda mmoja ukiwazunguka wote wawili ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mzazi humbana mtoto kwenye mkanda.

Dawa yake ni kiti cha mtoto kilichofungwa sawasawa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba viti hivi hupunguza vifo vya watoto kwenye ajali kwa zaidi ya nusu. Mchanga atazame nyuma ya gari, na aendelee hivyo kadiri kiti kinavyoruhusu kwa uzito na urefu wake. Kiti chake kisifungwe mbele palipo na mfuko wa hewa, kwa sababu ukifumuka unaweza kumuua. Mkubwa kidogo atumie kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani na kwenye nyonga, usimkate shingo wala tumbo. Viti vya mtumba vipo madukani. Kabla ya kununua, angalia kama kimepasuka, kama mikanda yake yote ipo na vifungo vinashika. Ndugu wawili wenye watoto wa umri tofauti wanaweza kununua kimoja na kuazimana.

Na msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika tano za kununua maji. Mwili wake hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima.

Mbona wanangu hutapika tu gari likianza kupanda?

Sikio la ndani linahisi gari linapinda na kupanda, huku macho yameganda kwenye simu au mgongo wa kiti cha mbele na kuripoti kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo hupokea habari mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Wa chini ya hapo ni nadra.

Kwa hiyo simu zizimwe baada ya Kiroka. Mtoto aangalie mbali, kwenye kilele, siyo kwenye nyasi za ukingoni zinazopita mbio. Fungua dirisha kidogo. Asubuhi hiyo ale kitu kidogo kikavu, mkate au ndizi mbivu moja. Maandazi yenye mafuta na soda yangoje huko juu. Tumbo tupu kabisa nalo hutapika, watu wengi husahau hilo. Akipauka, akaanza kupiga miayo na kumeza mate, simamisheni gari kabla hajatapika, ashuke, atembee dakika kumi. Dawa za kuzuia kutapika zipo, ila muone mtaalamu wa dawa kwanza. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, maana inaweza kumzuia kupumua.

Tubebe chakula gani?

Viazi vilivyochemshwa, mkate, mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyohiyo, ndizi, machungwa, na maji mengi. Nyama na wali wa jana usiku vikikaa kwenye joto la gari huharibika, na mtoto mwenye kuharisha barabarani ni tatizo la dakika, siyo la saa. Weka paketi za ORS kwenye mkoba unaofikika, usiufukie chini ya mizigo. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa msawazo. Mpe kidogokidogo. Akiwa na macho yaliyozama, halii machozi, hakojoi au amelegea, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Safari ingoje.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji. Hili linahitaji hekima mkifika, kwa sababu bibi atakuwa ameshaandaa uji mwepesi, na kumwambia mzazi wako "usimpe" mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mwambieni kabla ya safari, kwa simu, na azungumze naye mtoto wake wa kumzaa, siyo mkwe. "Mama, kliniki wamesema huyu bado ananyonya tu, uji wake tutauanza kwako akifikisha miezi sita." Wazee wengi huelewa wakipewa nafasi ya kuelewa.

Mama anayenyonyesha naye anywe maji mengi kuliko kawaida. Wengi hujinyima ili wasiombe gari lisimame.

Tukikuta ajali njiani?

Kama mna watoto, piteni polepole, piga simu 112, msishuke kutazama. Zaidi sana kama ni lori la mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019 mjini Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wamo waliokuwa wanapita tu.

Kutoka mjini kwenda Kinole, bodaboda inafaa?

Kwa mtoto mdogo hapana. Najua ndiyo hupatikana haraka, na najua mishikaki ya baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja inaonekana kila siku mlimani. Lakini mtoto anayebanwa katikati hana kofia inayomtosha, hana pa kujishika, na akisinzia huteleza. Subirini gari, na muulizeni dereva anayeijua njia hiyo kama jana mvua imenyesha. Upande huu wa mashariki wa Uluguru hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua yake ni nyingi kuliko ya upande wa pili wa milima. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huteleza na kingo hubomoka. Kama ni lazima kusafiri miezi hiyo, liwe gari linalovuta kwa matairi yote manne, na mtu mzima ashuke kwanza kuangalia kila palipomeguka. Kwa watoto wadogo mimi ningechagua Juni: kumekauka, ingawa usiku kuna baridi. Mtoto wa Dar hana sweta la maana, mnunulieni Morogoro kabla ya kupanda, pamoja na soksi.

Huko juu, cha kuchunga ni nini?

Watoto watafurahi. Watauona mgomba na mfenesi pale inapoota, watanusa karafuu na mdalasini kabla havijaingia kwenye pakiti, watajua pilipili manga hutambaa juu ya mti mwingine. Waacheni. Chungeni mto tu. Kijito cha mlimani kinaweza kujaa ghafla hata mnapooga jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha juu zaidi, msikoiona. Maji yakianza kubadilika rangi au kubeba majani, watoto watoke mara moja.

Chandarua mbebe chenu chenye dawa, msitegemee cha mwenyeji, na mkitumie pia usiku wa Morogoro mjini, ambako kuna mbu na joto zaidi kuliko mlimani. Kadi ya kliniki ya mtoto iwe mkobani. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga cha chini ya siku 28 akipata dharura, namba ni 115, na haikati salio.

Tumerudi Dar, wiki mbili zimepita, mtoto ana homa. Inahusiana na safari?

Huenda. Malaria kwa kawaida huanza kuonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine wiki kadhaa. Usimpe panadoli ukasubiri kesho, na usimpe dawa ya mseto iliyobaki ya dada yake. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na kabla hajaulizwa chochote mwambie mhudumu: mtoto huyu alilala Morogoro na Kinole, na tarehe mliyorudi.