Ada ya Kudumu na Moto Mdogo

SWALI: Mimi ni mjane wa Kamembe, Rusizi, nchini Rwanda, na mtungi wangu wa gesi ni wa chai tu. Je, ada ya kila mwezi, kama ya nchi zenye mabomba ya gesi, ingenidhuru?

JIBU: Naam, bibi, tena sana, kwa kuwa ada hiyo haitazami kiasi cha moto uliowashwa; na ushahidi tunao karibu, katika umeme wa Kenya, ambako, kabla ya ada ya shilingi 150 kwa mwezi kufutwa mwaka 2018, fakiri aliyetumia uniti 10, zenye thamani ya shilingi 25, alilazimika kulipa ada mara sita ya thamani hiyo, nayo ni dhuluma iliyo dhahiri. Mtungi wako, alhamdulillahi, hauna ada hiyo. Ila nauli ya kuuleta huenda ikawa ileile kwa mtungi mdogo na mkubwa, basi shirikiana na jirani.