Nyoka Ndani ya Ghala

Katika somo hili twanena habari ya mnyama wa porini aingiaye ghalani na kujificha kati ya magunia, mikeka na vyombo vilivyowekwa akiba. Twamchagua nyoka, maana ndiye aletaye hofu kuu katika pwani yetu, toka Kilwa hata Lindi.

Kwanza yatupasa kuuliza, amekuja kwa sababu gani? Korosho na ufuta zikiisha kuvunwa na kuwekwa, panya huja kula, na nyoka huwafuata panya. Tena mvua ikijaza mashimo, hutafuta mahali pakavu. Basi hakutumwa na mtu. Twalisema neno hili waziwazi, kwa kuwa wako wamwonao swila ghalani, wakaanza kumtafuta jirani aliyemtuma. Na mara nyingi jina litajwalo ni la mama mzee asiye na mtetezi. Nyoka huuawa siku ile ile, lakini neno lile hukaa kijijini miaka mingi.

Pili, kumwondoa. Wengi hukimbilia fimbo, na wengine mafuta ya taa na kiberiti, kana kwamba paa la makuti haliungui! Lakini swila wa pwani yetu hutema sumu hatua mbili tatu, akiyalenga macho, na apigaye kwa fimbo humkaribia kwa hatua hizo hizo. Sumu ikiingia machoni, yaosheni papo hapo kwa maji mengi, kisha mgonjwa aende hospitali. Msitie dawa ya majani. Na aliyeumwa atulizwe, achukuliwe asitembee, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza.

Ni afadhali kuwaondoa watoto na mbwa, kuufungua mlango uelekeao porini, na kuacha kimya. Mtu mmoja na aangalie kwa mbali. Mara nyingi nyoka hutoka mwenyewe usiku. Asipotoka, aitwe afisa wa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa kumshika ni kazi ya mwenye chombo na mazoezi. Bwana Ionides, aliyekuwa askari mkuu wa wanyama huko Liwale, kisha akakaa Newala, alijulikana sana kwa kukamata nyoka kwa koleo ndefu. Aliumwa zaidi ya mara moja kabla ya kufariki mwaka 1968. Ikiwa bingwa aliumwa, seuze sisi!

Wala asipelekwe mbali mno. Wataalamu waliowafuatia nyoka huko Marekani wameona ya kuwa aliyehamishiwa nchi asiyoijua hutangatanga, na hufa upesi kuliko wenziwe. Kichaka kilicho karibu, mbali kidogo na nyumba na kisima, chatosha.

Nyoka akiisha kutoka, ghala lisifungwe vivi hivi, maana panya wangalimo, na mwingine atakuja. Toeni vitu mchana, kimoja kimoja. Msitie mkono chini ya gunia. Livuteni kwa jembe kwa ukingo ulio mbali nanyi, ili gunia liwe ngao kati yenu na kilichomo. Zibeni matundu ya panya kwa mawe na udongo, fagieni nafaka zilizomwagika, kisha wekeni magunia juu ya kichanja, mkono mmoja toka sakafuni, na kuacha nafasi ya ufagio kupita kati yake na ukuta.