Somo: Kuchagua Njia ya Kukimbia Yenye Mandhari katika Milima Yetu

Ndugu mkaazi, ukisimama ukingoni mwa Iten mwendo wa saa kumi na mbili unusu asubuhi, utaliona jua likichomoza nyuma ya milima ya Tugen, ng'ambo ya Bonde la Kerio. Wageni husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kuona jambo hilo, wakiwa wamevaa viatu vya mbio. Sisi wenyeji mara nyingi huwa tumelipa mgongo, tunawahi matatu.

Somo la toleo hili halimlengi bingwa wa mbio. Yeye anazijua barabara zake. Linamlenga mkaazi ambaye ameambiwa na daktari apunguze uzito au ashushe presha, mwalimu mwenye kikundi cha watoto wa shule, na kijana anayetaka kuwaongoza wageni apate riziki. Hao watatu wana swali moja: nipite wapi, nifurahie macho, na nirudi nyumbani salama?

Bonde linakuita ushuke

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wapwa zangu wawili walinitembelea kutoka Mombasa. Asubuhi ya pili wakasema, "Mjomba, tupeleke mahali pazuri." Nikawapeleka barabara ya Tambach. Kwa ambaye hajaipita, barabara hiyo huanza Iten na kuteremka kwenye ukuta wa bonde, kona baada ya kona, na kila kona ina picha yake. Tukateremka tukicheka. Miguu ilikuwa myepesi, pumzi ilikuwa tele, na kila mmoja akajiona mwanariadha.

Tulipogeuka kurudi, kicheko kiliisha. Mdogo alianza kuumwa na kichwa, kaka yake akaketi kando ya barabara akishika mapaja, na mimi niliyejifanya kiongozi nilikuwa nimebeba nusu chupa ya maji. Tulirudi kwa bodaboda mbili, na bei yake sitaisema hapa.

Kosa halikuwa barabara. Kosa lilikuwa mpangilio. Iten iko kwenye kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mtu aliyetoka Mombasa anahitaji siku mbili tatu za kutembea polepole kabla ya kukimbia, tena kwenye tambarare. Na mtu yeyote, hata mzaliwa wa hapa, akianza na mteremko atatumia nguvu zake kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Kwingineko mlima huonekana mbele yako na unaweza kuuogopa. Kwetu mlima hujificha nyuma yako.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: panda kwanza, teremka mwishoni. Kama uzuri unaoutaka uko chini na hakuna njia nyingine, nenda robo tu ya mbali unayodhani unaweza, kisha geuka. Au panga usafiri wa kukuteremsha asubuhi, ukimbie ukipanda kuelekea nyumbani.

Kupima mlima ukiwa mezani

Wengi wetu husema njia ni ya kilomita kumi tukadhani tumemaliza kuieleza. Katika milima yetu, kilomita ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mita unazopanda.

Ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zinafaa sana kwa kazi hii. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Ile mistari myembamba inayopindapinda ndiyo kontua, na kila mstari unaunganisha mahali penye kimo sawa. Mistari ikisongamana, hapo ni mwinuko mkali. Ikiachana, hapo mguu unapumzika. Angalia pambizoni mwa ramani uone pengo kati ya mstari na mstari ni kiasi gani, kisha hesabu mistari unayoivuka ukipanda. Programu nyingi za ramani kwenye simu nazo zinaonyesha kimo, na kwa matembezi ya kawaida zinatosha.

Chukua mfano: njia inapanda mita 150 katika kilomita 3. Hiyo ni mita 50 kwa kila kilomita. Mtu anayeanza mazoezi atatembea sehemu kubwa ya hapo, wala asione haya. Ikiwa ni mita 20 kwa kilomita, ataweza kukimbia taratibu akiongea na mwenzake. Mskoti mmoja, William Naismith, aliwapa wapanda milima kanuni mwaka 1892 ambayo bado inasaidia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya watembeaji, lakini ndiyo inayofaa kwa kupanga wakati wa kurudi, kwa sababu ukichoka utakuwa mtembeaji.

Usisahau magoti. Kupanda huchosha mapafu, kuteremka huumiza misuli ya mapaja na magoti, na maumivu hayo huja siku inayofuata ukiwa umeshajisifu. Fupisha hatua unapoteremka.

Baadhi ya njia zetu

Kwa anayeanza, njia za murram zinazozunguka mashamba juu ya Iten ndizo bora. Udongo ni laini kuliko lami, mwinuko ni wa kupanda na kushuka kidogo kidogo, na ukichoka uko karibu na nyumba za watu. Alhamisi asubuhi utakutana na kundi kubwa la wanariadha wakifanya fatileki, yaani kukimbia kasi na polepole kwa zamu. Wapishe. Ukijaribu kuwafuata, utawafuata kwa dakika moja.

Msitu wa Singore una kivuli na harufu ya miti baada ya mvua, na ardhi yake ni rafiki kwa miguu. Lakini msituni njia zinafanana. Chagua alama unazozitambua, na usiende peke yako, hasa wewe dada unayekimbia alfajiri. Hilo si la kumtisha mtu. Wanariadha wenyewe hukimbia kwa vikundi.

Kule kusini, Kaptagat na Chepkorio kuna barabara ndefu za murram kati ya msitu na mashamba. Huko ndiko Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi yake kwa miaka mingi, na mkaazi wa kawaida hupita barabara zilezile bila kulipa chochote. Tahadhari yake ni malori ya mbao na vumbi wakati wa kiangazi.

Halafu kuna mlima wa Fluorspar, kutoka Kimwarer hadi Nyaru. Ni takriban kilomita 21 za kupanda, zaidi ya mita elfu moja kwenda juu. Mandhari yake hayana mfano. Nautaja ili usidanganywe na mtu akuambie ni mbio za asubuhi. Ni mtihani wa waliofuzu. Wewe nenda ukapande kilomita 3 za mwisho, utaona bonde lote vilevile.

Chini kabisa bondeni joto ni kali na kivuli ni haba. Karibu na hifadhi ya Rimoi kuna ndovu, na ndovu hasomi ubao wa mpaka. Popote bondeni, uliza wenyeji au chifu hali ya usalama siku hiyohiyo. Habari ya wiki iliyopita haitoshi.

Magari, mvua na mashamba ya watu

Kwenye lami kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja. Wengi hufanya kinyume kwa mazoea ya kufuata gari. Ila kuna hali moja ya kubadilisha: kona kali inayopinda kulia, ambapo ukuta wa mlima au kichaka kinakuficha. Dereva hatakuona mpaka akufikie. Vuka mapema kabla ya kona, mahali unapoonekana pande zote, urudi ukishapita. Na toa vidude vya masikioni. Kuna bodaboda huzima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta. Hiyo huisikii hata ukiwa na masikio ya sungura.

Mvua ikinyesha usiku kucha, achana na njia za kwenye ukuta wa bonde siku hiyo, hata jua likiwaka asubuhi. Tunayakumbuka maporomoko ya Chesegon ya Aprili 2020. Udongo ulioshiba maji hauporomoki kwa ratiba, na mawe huweza kuanguka saa nyingi baada ya mvua kukatika. Nyufa mpya barabarani, miti iliyoinama ghafla au maji ya tope pale palipokuwa na chemchemi safi ni dalili za kurudi nyuma na kumpigia chifu simu.

Njia nyingi nzuri hupita katikati ya mashamba. Salimia. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukimwona mzee na ng'ombe wake njiani, tembea mpaka uwapite, maana ng'ombe akitimka ni yeye atakayemfukuza. Mbwa akikujia, simama, ukikimbia umemwalika. Nimeona njia iliyopitwa miaka mingi ikizibwa kwa seng'enge kwa sababu ya vijana waliokanyaga mahindi, na tangu hapo sote tunazunguka.

Zoezi

Chukua karatasi uchore njia moja ya kata yako isiyozidi kilomita 6. Weka alama mahali pa kuanzia, mahali pa maji, kona mbaya, nyumba mbili za watu unaowafahamu, na pale ambapo mtu atasimama mwenyewe atazame. Andika mita za kupanda kwenda na kurudi. Kisha itembee, usiikimbie, asubuhi moja ya kawaida na nyingine baada ya mvua. Mara nyingi utafuta mstari mmoja au miwili. Ukiridhika, muachie mtu wa nyumbani nakala kila unapotoka, pamoja na saa unayotarajia kurudi.